Sauti Yangu Chini ya Pamba

Mdogo wetu wa mwisho hajui kuita. Sisemi hajui kuongea, kwa sababu watoto wengi huchelewa kuongea na bado wanaita: wanalia, wanapiga kelele, wanamvuta mtu nguo. Yeye hayo yote hana. Alipokuwa na miaka kama mitatu alikalia kaa la moto lililoruka kutoka kwenye mafiga, nami niliyekuwa nyuma ya nyumba nikipasua kuni sikusikia kitu. Nilinusa. Nilipoingia jikoni nilimkuta amekaa palepale, uso umekunjamana, machozi yanashuka, mdomo umefunguka na hakuna sauti inayotoka. Kovu liko pajani hadi leo. Kila nikimwogesha naliona.

Tangu siku ile hofu yangu ni moja. Njaa siiogopi sana, maana tumezoea kuipangia. Naogopa kwamba siku moja atakuwa kwenye hatari, mimi niko karibu kabisa, na hataniita.

Tuko watatu. Mimi ndiye mkubwa, ananifuata dada yetu ambaye sasa yuko darasa la saba, halafu huyu. Baba alitangulia. Mama alimfuata kabla huyu mdogo hajafikisha miaka miwili, mimi nikiwa kidato cha pili. Baada ya msiba ndugu walikaa kikao uani kwetu, Ngulyati, wakatupanga: binti aende kwa shangazi, mimi niende Sapiwi kwa baba mdogo nikachunge, na walipofika kwa yule mdogo wakatazamana. Nikasema tutabaki wote hapa. Haukuwa ujasiri. Nilikuwa nimemwona shangazi akimtazama yule mtoto kama mtu anavyotazama mzigo asiojua ndani yake mna nini. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule, wala sikurudi tena.

Neno usonji nililisikia kwa mara ya kwanza hospitali, mjini Bariadi. Mhudumu aliyenieleza alisema pia kwamba kuna shule ya msingi pale mjini yenye kitengo cha elimu maalumu, na wanapokea hata wadogo wa darasa la awali. Nilikaa na habari hiyo msimu mzima wa kulima. Niliogopa watamcheka. Niliogopa watamfungia chumbani. Zaidi niliogopa watamtazama, waniambie hakuna la kufanya, na mimi nitarudi nyumbani nikiwa sina tena mahali pa kwenda kuuliza.

Siku niliyompeleka kwa baiskeli, mwalimu wa kitengo, mama mmoja wa makamo aliyevaa raba za michezo na gauni la kitenge, alitoka hadi mlangoni.

"Karibu, mzazi."

"Mimi ni kaka yake."

"Nani anamwogesha?"

"Mimi."

"Basi karibu ukae, mzazi."

Kitengo kilikuwa na kishikwambi kimoja. Watoto walikaa mkekani wakipokezana. Kwenye kioo kulikuwa na picha: ugali, maji, choo, mpira. Mtoto akigusa picha, kile chombo kinasema neno lake. Mwenzao mmoja ambaye mikono yake inakakamaa aligusa picha ya mpira kwa kiwiko, chombo kikasema "mpira", na akarushiwa mpira. Nilitazama lile jambo kwa muda mrefu. Zamu ya mdogo wangu ilipofika aligusa ugali. Chombo kikasema "ugali" kwa sauti ya mwanamke fulani, safi, kama mtangazaji wa redio. Mdogo wangu alikiweka chini akaingia uvunguni mwa meza, na hakutoka hadi saa ya kuondoka.

"Haijui hiyo sauti," mwalimu alisema akiwa amechuchumaa. "Anajua sauti za nani?"

"Yangu na ya dada yake."

"Nyumbani mnaongea nini?"

"Kisukuma."

"Tafuta simu yoyote ya kupangusa, hata iwe imechoka. Nitakuwekea programu hii hii, haitaki bando. Halafu utaweka sauti yako, kwa Kisukuma. Kiswahili atakikuta huku."

Nilibadilishana mbuzi jike na simu kwa fundi mmoja karibu na stendi. Ilikuwa imepasuka kioo kona moja, na betri yake ilichoka mapema kama mzee. Fundi aliniuliza kama ni yangu. Nikamwambia ni ya mtoto wa miaka sita.

"Miaka sita, ngosha?" akasema, akicheka. "Sisi umri huo tulipewa fimbo na ndama wawili."

Nilicheka naye. Kwetu mwanaume yeyote huitwa ngosha, na mwanaume hatakiwi kuonekana anahangaika.

Mwalimu alinifundisha kupiga picha za vitu vyetu wenyewe, si vya kwenye vitabu. Nikapiga ndoo ya njano yenye kikombe cha kijani juu yake, nikaweka neno minzi, yaani maji. Nikapiga kitanda, choo, sufuria ya uji. Nikamwambia dada anipige mimi nimesimama mlangoni, na hapo nikaweka sauti ikisema "njoo". Hiyo ndiyo picha niliyoitaka kuliko zote. Kwa ajili yake nilitoa mbuzi.

Kurekodi nilifanyia nyuma ya nyumba ili pasiwe na kelele. Nilipokuwa nasema "minzi" jogoo wetu akawika, na mlio wake ukaingia humo humo. Nilitaka kufuta nirudie. Mdogo wangu alikuwa ameshaisikia. Akaigusa tena ile ndoo, na tena, na jogoo alipowika ndani ya simu aliipeleka sikioni akaishikilia hapo. Mwalimu aliposikia alisema niiache. "Hicho ndicho kimemfanya aipende. Usikiguse."

Na kitu kingine alinisisitizia, akanirudisha hata nilipokuwa nimeshapanda baiskeli.

"Akibonyeza, mjibu. Kila akibonyeza. Rudia neno lile lile kwa mdomo wako, halafu mpe anachotaka, au mwambie hakuna. Asipojibiwa ataona ni kelele tu, ataacha. Na akiacha sijui kama atarudi."

Tukawa tunaishi hivyo. Simu ilininginia shingoni mwake kwa kamba, ndani ya shati. Ikisema "minzi", mimi au dada tunasema minzi, tunachota. Ikisema uji, tunasema uji. Wageni walituona kama watu waliorukwa na akili kidogo, maana mtu anaweza kuwa katikati ya mazungumzo, ghafla anageuka na kusema "kitanda", halafu anaendelea na habari zake. Lakini ile picha ya mlangoni, ile ya "njoo", hakuigusa. Nilimshika kidole nikamgusisha. Nilikwenda nyuma ya nyumba dada akamgusisha, nami nikatokea mbio. Alinitazama nilivyotokea, akarudi kwenye ndoo na jogoo wake.

Hofu haikupungua, iliongezeka vyumba. Niliogopa mwizi atakayemkuta njiani na kamba ile shingoni. Niliogopa mvua. Bibi jirani yetu, mtu mwema ambaye hutuletea viazi, alisikia sauti yangu ikitoka kifuani mwa mtoto na mimi nimesimama mbele yake nimefunga mdomo.

"Na wewe ukifa, bhabha," aliniuliza, "hiyo itaendelea kusema?"

Nikasema itaendelea.

"Atakuwa anakubonyeza tu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu hapo, mara nyingine nikisikia "minzi" kutoka chumba cha pili huwa najishika mkono kuhakikisha nipo. Na huwaza kwamba sauti ya mama hatunayo popote.

Baba mdogo alipokuja kutoka Sapiwi alimtazama mtoto akigusa simu, akatikisa kichwa.

"Mmempa kifaa kiseme badala yake. Ulimi wake utafanya kazi lini?"

"Mwalimu anasema haizuii, baba."

"Mwalimu analala naye? Mngenipa mimi. Huko kwangu kuna ng'ombe, kuna watoto wenzake, angepiga kelele mwenyewe siku ng'ombe akimkanyaga."

Alisema kama utani na wengine wakacheka. Mimi nilibaki na neno lile. Sikuwa na uhakika kwamba amekosea. Usiku nilijiuliza kama kweli nilikuwa nimemfunga mdomo kwa mkono wangu.

Simu ile niliitoa laini. Mtu fulani alipiga kwa kukosea namba, ikatetemeka kifuani mwa mtoto, naye akajigonga kichwa ukutani hadi nikamkumbatia kwa nguvu. Basi laini nikaihamishia kwenye kitochi changu, simu ndogo ya vitufe, na simu yake ikabaki ya picha tu. Ilikuwa sawa. Ni kwamba baada ya hapo hakuna mtu angeweza kuipiga akitaka kujua iko wapi.

Sasa niseme habari ya pamba.

Kwetu ukishavuna, pamba hukaa ndani ya nyumba hadi ununuzi ufunguliwe. Chumba kimoja kinajaa, mnalala kwa kubanana kwingine. Mdogo wangu aligundua chumba kile kabla hajafika shule. Alikuwa anajichimbia humo, anajifukia hadi kifuani, na mwili wake ambao mchana kutwa hautulii unatulia. Mikono inaacha kupepea. Nilipomweleza mwalimu, alisema watoto wengine wa aina yake hupenda kubanwa, uzito unawapa utulivu, ila tuhakikishe kichwa kiko nje na mtu yuko karibu. Nikapiga picha ya chumba kile pia. Nikaweka neno buluba, ndiyo pamba kwa Kisukuma. Ikisema buluba tunasema buluba, tunampeleka, mmoja wetu anakaa mlangoni akichambua pamba fifi kutoka kwenye safi. Zilikuwa saa nzuri kuliko zote nyumbani kwetu.

Halafu ununuzi ukafunguliwa. Jioni moja tulipakia pamba yetu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mtoto akitazama, tukaipeleka kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima, ambalo kutoka kwetu unaliona bati lake. Tulifagia chumba. Nilifurahi kwamba tutalala kwa nafasi.

Asubuhi, kabla sijatoka, simu ilisema "buluba". Nikasema buluba, nikamshika mkono nikamwonyesha chumba kitupu. "Hakuna. Imeisha." Akagusa tena. Nikasema tena hakuna, kama mwalimu alivyofundisha, nikaenda kazini. Ni sisi tu tungeweza kukosea hivyo. Kwa mkulima pamba ikishapimwa imeisha, imeondoka kwenye mawazo. Yeye alikuwa ameiona inakwenda wapi.

Shule zilikuwa zimefungwa, dada alikuwa naye nyumbani. Mimi nilikuwa kibarua cha kukanyaga pale ghalani. Wakulima wanamwaga pamba, lundo linapanda hadi karibu na bati, na sisi tunapanda juu tunalishindilia kwa miguu ili nafasi ipatikane. Ni kazi ya vumbi. Unavua shati, unafunga kitambaa puani. Shati langu lilikuwa kwenye msumari mlangoni, kitochi ndani ya mfuko wake.

Tulikuwa wanne juu ya lundo. Mmoja alikuwa mzee wa kazi ile, mtu wa ng'ombe kutoka vijiji vya ndani, aliyekanyaga pamba tangu sijazaliwa. Alikuwa na kawaida ya kututania tukichoka.

"Ngosha, unakanyaga kama bibi harusi. Shuka uolewe, tupate mtu."

"Mahari utalipa wewe?"

"Kwa miguu hiyo? Nitalipa kuku, tena kuku mgonjwa."

Karani kutoka kwenye mizani alitupigia kelele tupunguze maneno, kuna mikokoteni mitatu inasubiri. Wakamwaga mzigo mwingine upande wa ukuta. Tukasogea kuukanyaga. Jua lilikuwa limefika juu, bati linawaka, na hewa ya mle ndani imejaa nyuzi.

"Kama una kiu si ukanywe," mwenzangu wa kushoto alisema.

"Nani?"

"Wewe. Umesema minzi."

"Sijasema kitu."

Akacheka, akaendelea kukanyaga. Mimi pia niliinua mguu. Na hapo nikaisikia. Ilikuwa mbali, imefunikwa, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, lakini ilikuwa sauti yangu. Ilisema "minzi". Na baada yake, chini ya pamba, chini ya miguu yetu, jogoo akawika.

Sijui niliweka wapi ule mguu. Nakumbuka tu kwamba wenzangu wawili waliruka kutoka juu ya lundo hadi sakafuni na kukimbilia mlangoni, na nje mtu akauliza kuna nini, mwingine akasema kuna nyoka, mwingine akasema si nyoka. Yule mzee hakukimbia. Aliteremka taratibu, akasimama chini, akanitazama.

"Hiyo ni sauti yako," alisema, "na wewe uko juu. Shuka, mwanangu. Mtu akiitwa na sauti yake kutoka chini hakai hapo kusikiliza mara ya pili."

Nikamwambia ni simu. Nikamwambia ni mdogo wangu. Sikumbuki nilisemaje. Nilikuwa nimesimama juu yake na sikujua yuko upande gani. Nikisogea kushoto naweza kumkanyaga. Nikisogea kulia naweza kumkanyaga. Tangu asubuhi tulikuwa tumepita pale sote wanne, tukiruka, tukishindilia kwa visigino kama tunavyolipwa kufanya. Niliutazama mguu wangu kama si wangu.

Nikalala kifudifudi, taratibu, ili uzito usambae. Nikaomba wanyamaze. Karani alianza kuuliza nani kasimamisha kazi, yule mzee akamwekea mkono kifuani, akanyamaza. Nje ng'ombe wa mikokoteni walikuwa wanapumua na kukanyaga. Ndani hakukuwa na sauti. Nilisubiri sauti isikike tena nijue pa kuchimba.

Haikusikika.

Nilifikiria betri. Nilifikiria pia kile ambacho sikutaka kukifikiria. Ni hapo ndipo nilipokumbuka raba za yule mwalimu zikinifuata nje ya geti. Asipojibiwa ataacha. Alikuwa ameomba mara ya kwanza, na mtu akacheka. Alikuwa ameomba mara ya pili, na watu wakakimbia. Hakuna aliyemjibu.

Nikaingiza uso kwenye pamba nikasema, "Minzi." Si kwa kupiga kelele. Nilisema kama ninavyosema nyumbani nikiwa nachota, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Minzi. Naleta. Minzi."

Nikasema tena.

Na simu ikasema minzi, jogoo akawika, mbele yangu kidogo, kwenye ukuta.

"Huku," mzee alisema. Alikuwa ameshapanda. Hakutumia miguu, alikuja kwa magoti na viganja. Tukaanza kutoa pamba kwa mikono, kwa kukumbatia, tukiitupa nyuma, na kila baada ya muda nilisema minzi, nayo ikanijibu. Wale wawili waliokimbia walirudi wakaanza kuivuta kutoka chini. Pembezoni mwa ukuta palikuwa na magunia yaliyopangwa, na kati ya magunia na ukuta pamebaki uwazi kama shimo la fisi. Alikuwa ameingia humo kwa nyuma, kupitia mlango mdogo ambao kuku hupitia, akajifukia kama nyumbani. Halafu mzigo wa ukutani ukamwagwa juu yake.

Nilianza kuona kamba ya simu, halafu kidole. Kidole kilikuwa kinatembea. Nilipoufunua uso wake, ulikuwa umelowa jasho, midomo mikavu, nyuzi za pamba zimejaa kwenye kope. Macho yalikuwa wazi. Hakunitazama. Aliitazama simu, akagusa ile ndoo ya njano, na sauti yangu ikamwambia kila mtu pale ghalani anataka nini.

"Minzi," nilisema.

Yule mzee alikuwa ameshafungua kidumu chake. Akamnywesha kwa mfuniko, kidogo kidogo, kama ndama aliyefiwa. Mtoto alikunywa hadi maji yakamshuka kifuani. Mwenzangu wa kushoto akambeba hadi nje. Alipoona jua alifumba macho na kuanza kupepea mikono yake, kama siku zote.

Shati langu pale msumarini lilikuwa linalia. Ni kitochi. Nilipopokea sikusikia neno, nilisikia pumzi. Alikuwa dada, kwenye simu ya mtu aliyemkuta njiani. Alikuwa amempoteza muda mrefu. Ndoo ilikuwa tupu, alikwenda bombani, foleni ikamchelewesha, aliporudi hakuna mtoto. Alinipigia, akanipigia, halafu akakimbilia kule ambako kila mtu wa kwetu hukimbilia kwanza mtoto akipotea, lamboni. Nikamwambia yuko hapa, anakunywa maji. Alipofika ghalani sketi yake ilikuwa imelowa tope hadi kiunoni. Alikuwa ameingia kupapasa chini kwa miguu. Alikaa chini kando ya mtoto bila kumgusa.

Baba mdogo alisikia, akaja kwa pikipiki siku ya pili. Nilijua amekuja kumchukua. Alimwomba mtoto simu. Mtoto hakutoa, lakini aliacha aiangalie. Baba mdogo alikaa akiizungushazungusha pale shingoni mwa mtoto.

"Picha ya kuomba ng'ombe iko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Haipo, baba."

"Muwekee. Atakuja kwangu likizo, ataombaje maziwa?"

Hakurudia tena habari ya ulimi.

Shule zilipofunguliwa nilimweleza mwalimu yote. Nilimweleza kwa fahari kidogo, nakiri, kama mtu anayeleta zao lake. Nikasema, ameita. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa mgongoni mwa mtoto mwingine.

"Aliomba maji," alisema. "Nisikudanganye, mzazi. Picha yako ya mlangoni aliigusa?"

"Hapana."

"Basi bado hajui kwamba mtu akiwa taabani anaweza kumwita mwenzake. Anajua akiwa na kiu kuna maji. Leo anajua hilo. Tutaanzia hapo."

Nilipanda baiskeli nikarudi Ngulyati, na njia nzima nilikuwa naelewa taratibu. Kule chini hakuwa na hofu. Alikuwa mahali anapopapenda, amebanwa kama anavyotaka, na miguu yetu juu yake labda ilimfurahisha. Angeweza kulala usingizi humo. Kilichomwamsha ni koo lake tu. Na koo lilikauka kwa sababu asubuhi ile ndoo ilikuwa tupu, dada alikuwa hajachota, na mtoto hakunywa chochote kabla ya kutoka. Angekuwa amekunywa, simu isingesema neno.

Sauti yangu na ya yule jogoo bado zinaishi ndani ya ile simu. Tumeziba tundu la kuku ghalani, karani mwenyewe alileta simenti. Pamba yetu sasa tunabakiza gunia moja, halipimwi, ni lake. Picha ya mlangoni tunaendelea nayo kila siku, naenda nyuma ya nyumba, natokea mbio, ananitazama.

Ila kila asubuhi kabla sijaenda kazini namchotea maji kwenye kikombe cha kijani, namnywesha hadi amalize, kama inavyopasa. Na kila asubuhi, kikombe kikiwa kimefika nusu ya njia kwenda mdomoni mwake, mkono wangu unasita.